Kwa Nini Bado Tunasema Kanjo

"Kanjo!" Neno limetoka kwa kijana muuza miwani ya jua, na upande mzima wa barabara unainuka. Mama wa sukuma wiki anakamata pembe nne za gunia lake kwa mpigo mmoja. Muuza soksi hana cha kukunja, duka lake liko mabegani. Baada ya dakika mbili pikapu inapita polepole, askari wamekaa nyuma wakitazama simu zao, wala hawashuki. Ikishakata kona, magunia yanatandazwa palepale na bei inaendelea kutoka pale ilipokatizwa.

Nimeliona tukio hili Nakuru mara nyingi hadi macho yamelizoea. Juzi ndipo liliponigonga sikio. Kijana yule wa miwani hajafika miaka ishirini. Kaunsili, ambayo ulimi wa mtaani uliigeuza kanjo, ilivunjwa mwaka 2013 pamoja na mabaraza mengine yote ya miji na wilaya, 175 nchi nzima. Yeye wakati huo alikuwa nasari, au labda darasa la pili. Hajawahi kutozwa hata shilingi na baraza la manispaa. Amekulia chini ya gavana, bunge la kaunti na mawaziri wa kaunti. Lakini askari wakitokea, neno linalomtoka ni la enzi ya baba yake.

Si yeye peke yake. Nenda Kakamega uulize ofisi za serikali kuu ziko wapi, mzee atakuonyesha "kwa PC", yaani kwa mkuu wa mkoa, ingawa mkoa wenyewe haupo tena kwenye Katiba. Kwa watu wengi naibu kamishna wa kaunti bado ni DC, yule mkuu wa wilaya wa zamani, na msaidizi wake ni DO, afisa wa tarafa. Kisumu ukimwambia mwendesha boda akupeleke Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, atakuuliza: "Unataka Russia?" Hilo la Russia nitalirudia.

Watu wa semina husema raia hawajaelimishwa. Mimi nasema raia wameelimika kuliko semina. Ofisi wanaiita kwa tabia yake, kibao cha mlangoni hakiwahusu. Na tabia ya ofisi, kwa jinsi nilivyoiona nikihangaika kati ya Nakuru, Kisumu na Kakamega, haianzii ndani. Inaanzia nje ya mlango: nani anaweza kumfukuza afisa, nani anamlisha, na Jumamosi atakutana na nani matangani.

Mmarekani mmoja, Fred Riggs, aliyetafiti utawala wa Thailand na Ufilipino, alilitafutia jambo hili jina miaka ya 1960. Ofisi ya namna hii aliiita "sala". Si sala ya msikitini wala ya kanisani, ni neno la huko lenye maana ya ukumbi wa kupokelea watu. Kwa nje ina meza, faili na muhuri kama ofisi yoyote ya Ulaya, lakini ndani mambo huenda nusu kiofisi, nusu kinyumbani. Angekuwa ametafiti hapa, asingehangaika kutafuta neno. Kiswahili kilikwisha kulipata. Baraza ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba ambapo mwenyeji hukaa akitazama nani anapita. Baraza ni mkutano wa chifu chini ya mti. Na Baraza ni mawaziri wanaoketi na Rais. Neno moja kutoka kizingitini hadi Ikulu, na sijui kama kuna lugha nyingine iliyokiri ukweli huu waziwazi hivyo.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kutafuta barua ya chifu. Mjukuu wake alikuwa sekondari, na fomu ya basari ilitaka saini na muhuri. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana haina tofauti na nyingine: benchi la mbao nje, ukuta wa rangi mbili, picha ya Rais, kalenda ya duka la dawa za mifugo. Chifu hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano wa usalama. Aliyekuwepo ni mzee wa mtaa, kofia ya sufu kichwani, daftari la shule mkononi.

"Mama, mtoto ni wa nani?"

"Ni wa binti yangu, mzee. Yule aliyekuwa anakaa nyuma ya msikiti."

"Aliyehamia Eldoret?"

"Huyo huyo."

Akaandika. Mtoto alikuwa ameshathibitishwa, na hakuna aliyetazama cheti cha kuzaliwa ambacho shangazi alikuwa amekikumbatia ndani ya bahasha ya kaki tangu nyumbani. Nyuma yetu alikuwa kijana mpangaji, miezi minane mtaani, kitambulisho anacho, fomu yake imejazwa vizuri kuliko yetu. Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe kijana sikujui. Rudi na mwenye ploti." Mwenye ploti, kijana akaeleza, anaishi Nairobi na hupokea kodi kwa simu. Mzee akatikisa kichwa, akamwita mwingine.

Tulipoinuka, shangazi aliweka noti ya shilingi mia chini ya daftari. Njiani nikamuuliza kama aliombwa. Alinishangaa. "Aombe nini, baba? Yule mzee nani anamlipa? Amekaa pale tangu saa moja."

Kwa kanuni, ile ni hongo. Barua haiuzwi. Nimewahi kuandika makala ya kukemea mambo kama hayo na sijutii. Lakini maneno ya shangazi yalinikaa. Kwa miaka na mikaka serikali imewaegemea wazee wa mtaa na wa vijiji kujua nani kahamia, nani kafariki, nani anapika chang'aa, bila kuwapa mshahara. Ahadi za posho zimetoka vinywani mwa wanasiasa wa kila rangi. Serikali imemweka mtu mlangoni ikamwacha alishwe na wanaobisha hodi. Halafu tunaita warsha ya maadili, chai na mandazi bure, kumwambia asipokee.

La mpangaji lilinisumbua zaidi. Barua ya chifu ilibuniwa kwa dunia ambamo chifu anajua kila boma na moshi wake. Ni chombo cha kijiji. Sasa kimewekwa Nakuru, kaunti iliyohesabiwa watu 2,162,202 mwaka 2019, mji ambao ploti moja ina wapangaji kutoka kaunti kumi na majina ya milangoni hubadilika kila mwisho wa mwezi. Pale ambapo kujulikana ndiyo haki, asiyejulikana hana haki, hata akiwa na karatasi zote. Mzee hakumnyima kwa chuki. Alitumia kipimo pekee alichopewa.

Kipimo hicho kina historia, na historia yake magharibi ni ya ajabu kidogo. Waingereza walipofika huku walikuta jamii nyingi zisizo na mfalme. Mambo yalikatwa na wazee wa ukoo, na mzee wa ukoo huu hakuwa na neno katika ukoo wa pili. Walichotaka Waingereza ni mtu mmoja wa kumwandikia barua. Wakampata Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye kweli alikuwa na kiti cha enzi, na mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu. Jamaa zake na mawakala wa Kiwanga wakapelekwa kuwatawala Wabukusu, Wakabras, Wamarama na wengine. Kwenye ramani ya ofisini utawala ulikuwa umekamilika. Mashambani ilikuwa vurugu isiyokwisha, kwa sababu kodi ya nyumba ni uchungu, lakini kodi ya nyumba inayokusanywa na jirani ambaye babu yako hakumtambua ni matusi. Hatimaye Waingereza wenyewe wakaona heri kuwaondoa mawakala na kuweka machifu wa papo hapo.

Upande wa Nyanza, Desemba 1921, umati ulikusanyika Lundha, Gem, kulalamikia kodi, kipande cha kitambulisho na kazi za kulazimishwa. Harakati ile ilijulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Napenda maneno hayo kwa sababu yanatenganisha vitu viwili ambavyo tumezoea kuvichanganya. Kuna "piny", nchi, watu, ardhi. Halafu kuna "sirkal", neno ambalo Wajaluo walilichukua kutoka serikali yetu ya Kiswahili, ambayo nayo ilitoka kwa Waajemi. Sirkal ilikuja na treni. Piny ilikuwepo.

Kutoka pale ukazaliwa utaratibu ambao tumeurithi: chifu awe mtoto wa nyumbani, lakini amwogope DC, na DC asiwe wa nyumbani kabisa. Chini unahitaji mtu anayejua kila mlango. Juu unahitaji mtu ambaye hana shemeji hapo. Ni hesabu ya kikoloni, na ilikuwa na akili yake. Uhuru ulipokuja, Katiba ya majimbo ilitaka kuivunja. Kufikia tarehe 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, majimbo yalikuwa yamezikwa, na wakuu wa mikoa wakawa macho na masikio ya Rais. Mwaka 1988, kwenye uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni badala ya kutumia karatasi, DC ndiye aliyetangaza mshindi, na kuna foleni ndefu zilizoshindwa na foleni fupi watu wakitazama mchana kweupe. Walimu wa hesabu wa zama zile walikuwa na kazi ngumu.

Waliokuwa watumishi wa umma wakati wa Rais Moi wanaijua taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mkuu wa shirika angeweza kutoka ofisini akiwa mkurugenzi na kumaliza ugali wake akiwa raia wa kawaida, kwa sababu redio ya taifa imelitaja jina lake. Hakuna barua, hakuna kamati ya nidhamu. Kinyume chake pia kilikuwa kweli: ujumbe wa wazee na kwaya ungeweza kupanda basi asubuhi kwenda Kabarak, nyumbani kwa Moi, safari fupi tu kutoka mjini Nakuru, na jioni wakarudi na ahadi ya shule, barabara au wilaya mpya. Sasa mwambie afisa aliyelelewa katika nyumba hiyo afuate kanuni za zabuni. Kanuni anaijua kwa moyo. Lakini redio anaijua zaidi.

Turudi Russia. Hospitali ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, zama ambazo Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa Rais, alikuwa rafiki wa Mashariki na Rais Jomo Kenyatta anaelekea Magharibi. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta akaja Kisumu kuifungua. Wawili wale wakarushiana maneno mbele ya umati, zogo likazuka, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kikapigwa marufuku na Jaramogi alikuwa kizuizini. Jina rasmi la hospitali limebadilika tangu hapo, na watu wameendelea kusema Russia, kana kwamba mtaa ulikataa kuifuta kumbukumbu ya nani alileta na nini kilitokea siku ya kufungua.

Nyanza watakwambia kwamba kuanzia siku ile Kisumu iliwekwa kwenye rafu ya juu, mahali pasipofikiwa. Mimi naongeza jambo ambalo husahaulika. Miaka minne kabla yake, Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulikuwa umeshaandika kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, ambako zitaleta mavuno makubwa zaidi. Kwa hiyo afisa wa mipango wa miaka ya 1970 hakuhitaji kumchukia mtu yeyote. Alikuwa na waraka halali unaomruhusu kusema "si sasa", na alikuwa na upepo wa kisiasa unaomhakikishia kwamba hakuna mkubwa atakayemuuliza. Waraka na upepo vikielekea upande mmoja, hakuna haja ya amri.

Upepo ulipogeuka tuliona. Machi 9, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, wana wa wale wawili, walishikana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Desemba mwaka uleule, majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa Kisumu. Bandari iliyolala ikaanza kukarabatiwa. Reli ya zamani kutoka Nakuru ikafufuliwa, na mwishoni mwa 2021 abiria wakapanda treni kwenda Kisumu tena. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nilijiuliza swali ambalo sikulisikia kwenye hotuba: ziwa lilikuwa mahali pengine kabla ya Machi? Wahandisi walikuwa walewale, mataruma yaleyale. Afisa kijana aliyeshuhudia yale alijifunza somo moja kubwa kuliko yote aliyofundishwa chuoni, kwamba faili lina miguu, lakini hungojea wakubwa wasalimiane.

Mwaka 2023 naibu wa rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema hadharani kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa na waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza. Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa, na maneno yale yalikuwa miongoni mwa mashtaka. Kisheria naona ni sawa, maana Katiba ina kifungu cha 10 cha maadili ya taifa na kifungu cha 232 cha maadili ya utumishi wa umma, na havizungumzii hisa. Ila sikushangazwa na alichosema. Nilishangazwa na walioshangaa. Ukikaa kwenye hoteli yoyote ya Nakuru wiki moja baada ya uchaguzi, mazungumzo ya meza ya pili huwa ni gawio.

Na Nakuru ndiyo inayonifanya nisite kuhukumu haraka. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, mji huu uliwaka. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya mahema ya waliofukuzwa makwao. Tangu kaunti zianze, tumekuwa na magavana watatu, Kinuthia Mbugua, Lee Kinyanjui na Susan Kihika, wote kutoka jamii moja, na manaibu watatu, wote kutoka jamii nyingine, ile iliyokuwa upande wa pili wa moto ule. Hakuna sheria inayosema hivyo. Hakuna karatasi. Vyama vimebadilika, watu wamebadilika, mpangilio haukubadilika.

Zamani niliuita ukabila, basi. Siku hizi nauona kama mkataba wa amani ambao hakuna aliyetia saini, unaosainiwa upya kila baada ya miaka mitano kwa kuwa kila mtu anakumbuka moshi. Bei yake iko chini ya ngazi. Ukishakubali kwamba kiti cha juu kinagawanywa hivyo, kila kiti kinahesabiwa, hadi kwa mfagizi wa soko na mlinzi wa lango la zahanati. Orodha ya walioajiriwa ikibandikwa ukutani, hakuna anayesoma shahada. Wanasoma majina ya mwisho.

Bunge lilijaribu kutia hesabu hiyo kwenye sheria. Sheria ya Uwiano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii yenye wengi. Tume ya uwiano imepiga kelele mara kwa mara kwamba kaunti nyingi hazifiki. Zitafikaje? Gavana wa kaunti yenye jamii moja hapigiwi kura na hao asilimia 30. Anapigiwa na ndugu za asilimia 70, na kila nafasi anayompa mgeni ni nafasi ambayo mpinzani wake ataihubiri matangani. Halafu msidhani kabila likiwa moja utulivu unakuja. Kabila likiwa moja, ukoo unaamka. Bungoma, Vihiga, Siaya, Homa Bay, waulizeni.

Nimetaja matanga mara mbili, na si kwa bahati mbaya. Kwa mtu wa kwetu magharibi, ofisi ya Jumatatu huanza matangani Jumamosi. Huko ndiko mkurugenzi wa idara anakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mwalimu wake wa darasa la nne na binamu asiye na kazi. Hatoi mchango mkubwa, watasema mbahili. Hasemi neno, watasema ana maringo. Binamu akimfuata baadaye kando ya gari na bahasha ya vyeti, kuikataa si kufuata kanuni, ni kuvunja undugu. Na siku atakapostaafu, hatarudi kuishi na kitabu cha kanuni. Atarudi kuishi na binamu. Akirudi mikono mitupu watamcheka, watasema alishika kalamu akaogopa kuandika. Mishahara ikiongezwa, michango nayo huongezeka. Nimewaona watu wakipandishwa cheo na kuwa maskini zaidi.

Ndiyo maana pia hazina ya maeneo bunge haifi. Ilianzishwa mwaka 2003. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitangaza sheria yake ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu ile ya 2015. Hoja ya majaji ni safi: mbunge atunge sheria, asigawe pesa. Lakini asubuhi ya Jumatatu langoni kwa mbunge hakuna anayekuja kuuliza kuhusu miswada. Mahakama inasoma Katiba, mama mwenye fomu anasoma tarehe ya kufungua shule. Wabunge nao, wanaojua kusoma kalenda kuliko mtu yeyote, wamesimama na mama.

Mtu atasema basi, kama nje ndiko kunakoamua, tukae tungoje. Hapana. Nje hubadilika, na imebadilika mbele ya macho yetu. Hadi 1997 chifu alikuwa na mamlaka makubwa juu ya maisha ya raia, na mkutano wa kisiasa ulihitaji leseni. Mwaka ule barabara zilijaa waandamanaji, uchaguzi ulikuwa mlangoni, na wabunge wa pande zote wakakaa kwenye mazungumzo ya IPPG wakapunguza meno ya sheria ya machifu na kuondoa leseni ya mikutano. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mshauri wa menejimenti. Yaliletwa na hofu. Juni 2024 ilikuwa hivyo hivyo. Vijana waliingia barabarani Nairobi, Kisumu, Nakuru, Eldoret kupinga mswada wa fedha, tarehe 25 Bunge likaupitisha, na siku moja baadaye Rais akatangaza hatautia saini. Wiki mbili baadaye akalivunja karibu Baraza zima la Mawaziri. Damu ilimwagika, na sitaki kuipamba. Ninachosema ni kwamba mezani kwa afisa, tofauti ya wiki ile na wiki iliyotangulia haikuwa kwenye sheria hata moja.

Ukitaka kuona mabadiliko yasiyogusa nje, angalia utawala wa mikoa. Katiba ya 2010, Jedwali la Sita, ilitoa miaka mitano uundwe upya ulingane na ugatuzi. Mwaka 2013 ikatungwa sheria, DC akawa naibu kamishna, vibao vikapakwa rangi. Mfumo ukabaki, chini hadi kwa naibu wa chifu, kwa sababu kila anayeingia Ikulu hugundua siku ya kwanza kwamba gavana hamwogopi, na anahitaji mtu kijijini anayemwogopa. Hivyo leo Kisumu na Nakuru zina serikali mbili katika mji mmoja, na raia anayetaka taa ya barabarani hajui aanzie wapi. Huanzia kwa anayemjua.

Na kanjo? Kanjo haikufa kwa sababu kilichoiumba hakikufa. Mji unahitaji ushuru wa kila siku na barabara iliyo wazi, vijana wanahitaji kuuza, na aliyechaguliwa anahitaji wote wawili. Kalenda ndiyo askari mkuu. Uchaguzi ukikaribia, katika mji wowote wa huku, pikapu hupungua na tabasamu huongezeka. Baada ya kuapishwa, gunia linarudi kukamatwa pembe nne.

Wanaoamini mashine wataniambia kuhusu eCitizen, na mimi ni miongoni mwa wanaoifurahia. Siku hizi nalipia huduma kwa namba moja, 222222, bila kumwona mtu. Lakini shangazi haoni bila miwani na simu yake ni ya kubonyeza. Mwaka huu fomu ya basari ilihamia mtandaoni, tukaenda saiba. Kijana wa saiba ndiye karani mpya: anajua neno lake la siri, namba ya kitambulisho chake, tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu, na bei yake haijaandikwa popote. Alijaza kurasa tatu kwa dakika kumi. Ukurasa wa nne ulikuwa na kisanduku kimoja: ambatisha barua ya chifu, yenye muhuri, iliyoskaniwa.

Tukarudi kwenye benchi. Chifu alikuwa kwenye mkutano. Mzee wa mtaa alikuwa na daftari jipya, lenye jalada la plastiki. Kijana mpangaji wa mwaka jana tulimkuta amekaa mwisho wa benchi, bahasha mapajani. Mzee alimwona, akamnyooshea kalamu.

"Wewe njoo," akasema. "Wewe nimeshakujua."